Kijana wa Msimbati asinyimwe bahari kwa sababu ya miwani

"Mdogo wangu, kwa miwani hiyo bahari achana nayo, tafuta kazi nyingine." Maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu pale Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, yakitoka kinywani mwa mtu mwenye cheti cha kufundisha uzamiaji. Yamenikaa kooni tangu siku hiyo, na leo nayatoa.

Kijana mwenyewe kazaliwa hapo hapo kijijini. Anajua maji ya Ruvula yanapokupwa na yanapojaa, anajua mkondo unavuta upande gani kusi likivuma. Alitaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa ili siku moja aongoze wageni. Akasema miwani yake ni hasi 3, namba ya mtu asiyeona mbali vizuri, mazungumzo yakaishia hapo. Hakuulizwa habari ya pumu, wala kifafa, wala moyo, mambo ambayo kweli yanaweza kumuua mtu chini ya maji. Fomu ya afya inayotumiwa na vyama vikubwa vya mafunzo ya uzamiaji duniani huuliza kama umefanyiwa upasuaji wa macho ndani ya miezi 3. Kuvaa miwani hakumkatazi mtu kujifunza. Sasa sisi huku Mtwara katazo hili tumelitoa wapi?

Dawa ya jambo hili ipo, na ni ya siku nyingi. Maski yenye vioo viwili, kimoja kwa kila jicho, hufunguka fremu yake, ukatoa kioo cha kawaida na kuweka chenye namba. Vioo hivyo huuzwa vikiwa tayari, vikipishana nusu namba: hasi 1.5, hasi 2, hasi 2.5, na kuendelea. Jicho la kulia likiwa tofauti na la kushoto, kila upande unawekewa chake. Kazi yote haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Shida ni maski ya kioo kimoja kizima. Hiyo haibadilishiki hivi, na ndiyo utakayopewa vituo vingi usipouliza.

Wapo wanaosema, "Ingia tu, maji yanakuza, utazoea." Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu ni ushauri wa hatari unaotolewa kwa sauti ya upole. Ni kweli maji hukuza. Ukitazama kupitia kioo cha maski, vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi na karibu zaidi kwa robo, kwa hiyo chewa wa sentimita 60 utamwona kama wa 80. Lakini ukungu nao unakuzwa hivyo hivyo. Mwenye hasi 3 bila miwani anaona sawasawa mwisho sentimita 33, kupita rula ya mtoto wa shule kwa vidole viwili. Geji ya mtungi ataisoma, maana ataileta karibu na uso. Mwenzake aliye mita 5 mbele akimpa ishara ya mkono kwamba hewa inamwishia, hataiona. Akiibuka juu mkondo umeshamsogeza, atatafuta boti yake kati ya mashua na ngalawa za wavuvi na zote kwake ni vivuli. Mtu huyo ameingizwa majini nusu kipofu, na waliomwingiza wanamwambia atazoea.

Kwa waliovuka miaka 40 mambo hugeuka. Wanamwona papa wa mbali vizuri kabisa, ila geji hawaisomi. Na geji ndiyo inayokwambia kama mtungini una bar 150 au 50, yaani mgandamizo wa hewa iliyobaki. Kwao kuna vipande vidogo vya lenzi ya kusomea vinavyobandikwa sehemu ya chini ya kioo cha maski. Wakufunzi wetu wengi ni wa umri huo, na ningependa kila mmoja wao ajipime kwa unyoofu kabla ya kubeba roho za watu.

Kuvaa miwani ya kawaida ndani ya maski haiwezekani. Mpira wa maski unatakiwa ugusane na ngozi mzunguko wote wa uso. Unywele mmoja tu ukipita katikati, maji yanapenya, sembuse mkono wa miwani. Nimewahi kuona fundi wa Mikindani akikata mikono ya miwani kuukuu na kuibana fremu ndani ya maski kwa waya. Kwa kuogelea juu juu na snoko, bomba la kupumulia, sawa, nakubali inasaidia. Kwa mita 15 chini siwezi kuipendekeza: waya ukichomoka, jicho liko pale pale.

Na miwani ya kuogelea, hizi ndogo za kukaa machoni tu, tafadhali msishuke nazo kina kirefu. Zipo zenye namba na ni rahisi, ndiyo maana watu wanazikimbilia. Maski inafunika na pua kwa sababu maalumu: mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mzamiaji huusawazisha kwa kupulizia hewa kidogo ndani ya maski kupitia puani. Miwani ya kuogelea pua iko nje, kwa hiyo hewa iliyonaswa ndani inasinyaa na kuyavuta macho. Nimemwona kijana wa pweza aliyepanda na weupe wa jicho umekuwa damu tupu. Mara nyingi damu hiyo huisha yenyewe, lakini ukiona maumivu au uoni umebadilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho zina watetezi wake. Zile laini huvumilika ndani ya maski, na maski ikiingia maji unafumba macho. Zile ngumu za zamani hunasa vipovu vya hewa wakati wa kupanda, jicho likauma na kuona ukungu. Ila kuna kijidudu kiitwacho Acanthamoeba kinachoishi majini, kikijificha chini ya lenzi kinaweza kuharibu ngozi angavu ya mbele ya jicho kabisa. Mgeni wa siku mbili anayevaa za kutupa kila jioni ajiamulie. Kijana wa kwetu anayeshinda kwenye boti yenye mchanga, jua kali na dumu moja la maji ya kunywa, mimi namwambia hapana.

Upasuaji wa leza upo kwa mwenye fedha. Baada ya LASIK wataalamu wa tiba ya uzamiaji hushauri kusubiri angalau mwezi 1. Aliyepasuliwa mtoto wa jicho au mwenye presha ya macho amsikilize daktari wake kwanza.

Nitaambiwa vioo hivi vya maski ni shida kupatikana huku kusini. Ni kweli, madukani Mtwara mjini sijaviona, na kuagiza kunachukua muda. Lakini mitungi nayo imeagizwa, kompresa imeagizwa, mapezi yameagizwa. Kioo kinachotosha kwenye kiganja ndicho kimeshindikana?

Na sababu ya kushikilia jambo hili ni hii. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000. Tangu hapo watu wa vijiji hivi wanaambiwa matumbawe ni mali yao, wayatunze, wasipige baruti. Wangapi wameyaona? Anayeyaona ni mgeni aliyekuja na maski yake yenye namba kutoka Ulaya. Mtoto wa Msimbati ambaye baba yake na babu yake wamekula kutokana na mwamba ule anaambiwa miwani yake haifai. Mimi nataka aushuke mwamba huo, aone kwa macho yake pale palipolipuliwa na pale palipopona, arudi kijijini awasimulie wenzake. Hakuna semina itakayoizidi simulizi hiyo.

Kijana uliyekataliwa, nenda kapime upya, uombe karatasi ya vipimo mkononi. Ikionyesha pia mkunjo wa jicho, yaani ile namba ya pili, kwa kawaida nusu yake hujumlishwa kwenye ya kwanza: hasi 3 yenye mkunjo wa hasi 1 unatafuta kioo cha hasi 3.5. Mkunjo ukiwa mkubwa, au namba ikipita 4, mwombe mtaalamu akufanyie hesabu, maana kioo cha maski hukaa mbali na jicho kuliko miwani.

Na wenye vituo, kuanzia Mtwara hadi Kilwa, anzeni na jozi chache: hasi 2, hasi 3, hasi 4, hasi 5, na moja ya chanya 2. Ziwekeni sanduku moja na maski zinazozipokea, kila jozi imeandikwa namba yake kwa wino usiofutika, na kwenye fomu ya kujiandikisha ongezeni swali moja: unavaa miwani namba ngapi?