Akili mnemba kazini: wepesi unaohisiwa na wepesi uliopo

Mwaka 2025 METR, taasisi ya Marekani inayopima uwezo wa akili mnemba, ilitoa matokeo ya jaribio dogo lililozua mjadala mkubwa. Watengeneza programu 16, wote wazoefu, walifanya kazi 246 katika miradi waliyokuwa wakiifahamu vilivyo. Kura ndiyo iliyoamua kazi ipi ifanywe kwa msaada wa akili mnemba na ipi ifanywe bila. Kabla ya kuanza walikisia kwamba zana hizo zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza walisema zimewapunguzia kwa asilimia 20. Saa ilisema vingine: kazi zilizoruhusiwa akili mnemba zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Watu 16 ni wachache, na zana zenyewe hubadilika kila baada ya miezi michache, kwa hiyo sitajenga hoja juu ya kuchelewa kwao. Kinachonishughulisha ni kwamba walichelewa na hawakujua. Muda ulikwenda wapi? Mtu anaandika maelekezo, anasubiri, anasoma msimbo alioletewa, anaona umekaribia ila haujafika, anaurekebisha, mwisho anautupa. Walichokubali hakikufika asilimia 44 ya walicholetewa. Lakini hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayochosha kama kuanza na ukurasa mtupu. Nadhani ndipo tunapopotea: tukiulizwa kazi imechukua muda gani, tunajibu imetuchosha kiasi gani.

Wanaoitetea akili mnemba nao wana ushahidi, tena mzito. Wachumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond waliwafuatilia wahudumu wa wateja 5,179 wa kampuni moja, na matokeo yao ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopewa zana ya kuwapendekezea majibu walitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, kwa wastani wa asilimia 14. Kwa wageni wa kazi na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilikuwa asilimia 34. Wakongwe hawakupata cha kutaja, na sababu inaeleweka: zana ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu, ikiwamo mbinu za wale bora, ikawagawia wengine. Hapa kipimo kilikuwa kazi iliyokamilika, hakikuwa maoni ya mtu.

Unaweza kuhitimisha kwamba zana humfaa mgeni na humchelewesha mzoefu, yakaisha. Mimi sioni kama yameisha, maana linabaki swali la mtu anabaki na nini zana ikizimwa. Utafiti huohuo wa wahudumu una kipande kisichosemwa sana: mfumo ulipokatika kwa hitilafu, waliokuwa wameuzoea waliendelea kufanya vizuri. Inaonekana walikuwa wamejifunza. Kisha mwaka 2025 ukaja utafiti wa Poland kuhusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya akili mnemba kuingizwa katika vituo vyao, vipimo walivyofanya bila msaada wake viligundua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani katika asilimia 22.4 ya vipimo hivyo, ilhali awali ilikuwa 28.4. Halikuwa jaribio la kura, na huenda mambo mengine yalichangia, lakini hao ni wataalamu, si wanagenzi.

Kwa nini mmoja ajifunze na mwingine apungukiwe? Dhana yangu ni hii. Mhudumu alikuwa anasoma sentensi nzuri, anaamua kama ataitumia, na papo hapo anaona mteja ametulia au amezidi kufoka. Daktari anaonyeshwa kwenye skrini pa kutazama, na alichokikosa hakimrudii siku hiyo. Kama ni kweli, la kuuliza ni zana inaibeba sehemu gani ya kufikiri, ile ya kutafuta au ile ya kuamua.

Maofisi mengi yanajibu wasiwasi huu kwa amri moja: mtu lazima apitie. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alishaona tatizo la amri hiyo mwaka 1983, enzi za mitambo ya viwandani: kadiri mtambo unavyotegemeka, ndivyo msimamizi anavyokosa mazoezi, na bado yeye ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi zilizotungwa na akili mnemba. Mmoja wao alikuwa amekagua. Aliiuliza programu ileile kama kesi hizo ni za kweli, ikamthibitishia.

Kukataa kabisa nako hakusaidii. Mtafiti Berkeley Dietvorst na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba watu wakishaiona programu ya kubashiri ikikosea huiacha, hata wanapoiona ikimshinda binadamu. Binadamu mwenzao akikosea humvumilia zaidi. Baadaye watafiti haohao waligundua kwamba ukimruhusu mtu airekebishe kidogo tu, anaikubali. Wauzaji wa programu bila shaka wanalijua hilo, maana kitufe cha kuhariri kinatuliza moyo hata kama kazi haijawa bora.

Kuna na aibu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2025 ulikuta kwamba anayejulikana kutumia akili mnemba huonekana mvivu na asiyeiweza kazi, na watumiaji wenyewe wanalitarajia hilo, hivyo hawana hamu ya kusema. Bosi anayesifia zana mkutanini kisha akamkejeli aliyeitumia asishangae akikosa kujua inakosea wapi.

Mimi naegemea utaratibu mmoja: andika kwanza jibu lako, hata kwa mistari miwili, ndipo uifungue mashine. Unapata cha kulinganisha nacho. Gharama yake haifichiki, kwa kuwa unarudisha sehemu ya ule uchovu uliotaka kuukwepa, na kwa barua pepe au muhtasari wa kikao ni kujitesa bure. Ningeudai kwenye hesabu, utambuzi wa magonjwa, mikataba na tathmini za watu, na hapo ningewapa wahusika muda wa kuufanya kabla ya kuwaongezea idadi ya kazi za siku.