Nyiragongo ya watoto imenitapika bila suruali

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja (anajijua) amekwisha kutangaza kwenye status yake kwamba nililia, na simu yangu haijapumua tangu asubuhi, acheni niseme mwenyewe. Sikulia. Ile ilikuwa pilipili. Mtaelewa tu.

Mnakajua kale kauwanja ka watoto huku Himbi, Goma, kenye magogo, daraja la kamba na gorila wa mbao aliyekatika sikio. Aliyekatengeneza ana akili, namsifu ingawa kiuno kinaniuma. Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji hadi ziwani, mawe hatukosi. Akayapanga, akayashika na saruji, akapata Nyiragongo yake. Ile ya kweli ina mita 3,470. Hii inanifika kifuani. Kileleni amelaza tairi, ndiyo krateri. Mtoto anaingia kwa juu, anateleza ndani ya bomba, anatokea chini kwenye mchanga mweusi akipiga kelele "Volkanoo!" Kitu kizuri kabisa. Kwa mtoto.

Dada yangu aliniachia wanawe wawili. Mdogo akaingia krateri, akakaa mle mle. "Kuko giza!" Mkubwa akaniangalia: "Tonton (ndivyo wanavyomwita mjomba), ingia umusukume."

Nikaingia. Nilikuwa nimetoka kula lituma, zile ndizi za kupondwa, tena sahani ya pili, msiniulize. Miguu ikapita. Magoti yakapita. Mdogo alipoguswa na kiatu changu akashtuka, akaachia, akatokea chini anacheka. Mimi kiuno kikafika kwenye mpira wa tairi, kikasema hapa ndipo nyumbani.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo yule rafiki anadanganya. Nilijaribu kupanda: tairi likapanda nami kidogo, likarudi. Nilijaribu kushuka: tumbo likakataa. Nikabaki nimesimama mikono juu, nusu mtu, nusu mlima. Watoto wakapanga mstari nyuma yangu. "Tonton, ni zamu yetu!" Kamoja kakakimbia kumwambia mama yake: "Volkano imefungwa na papa mumoja!" Papa, yaani baba, ndiye mimi.

Basi akaja mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na chupa yake ya mafuta mekundu ya mawese. "Papa, usipumue sana." Akamimina kuzunguka kiuno, taratibu. Nilihisi kila tone. Yakapita kwenye mkanda, yakashika paja, yakaingia bomba. Huko chini mdogo akapiga yowe: "Tonton iko natoka damu!" Kaka yake akainama, akachungulia lile tope jekundu linavyotambaa kwenye mchanga. "Hapana," akasema kwa heshima, "ni lava."

Uwanja mzima ukapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia joto. Si joto la aibu. "Mama, haya mafuta yalikuwa ya nini?"

"Ya kukaangia sambaza, papa. Niliweka pilipili kidogo tu."

Enyi wa Goma, mnaijua pilipili kidogo ya mama wa sambaza. Shuleni tulifundishwa kwamba lava ya Nyiragongo ni nyepesi, ndiyo maana inakimbia kuliko za milima mingine. Nimethibitisha. Ilishuka. Ndugu zangu, ilishuka mpaka kule ambako hata daktari huomba ruhusa. Nikajipangusa uso kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika mafuta, na machozi yakaja. Picha ya status ilipigwa wakati huo. Mmeona? Pilipili.

Kilichobaki ni kifupi. Mtu wa moto (pikipiki ya abiria) na mlinzi wa duka wakanishika makwapa, wakavuta, nikatoka, suruali haikutoka. Mama akanifunga kikwembe chake cha maua ya njano. Mtu wa moto akaniangalia, akaangalia kiti chake, akaondoka. Nikabebwa na chukudu, kile kipikipiki chetu cha mbao cha kusukuma, juu ya magunia ya makaa, watoto wakisukuma kwa nyuma. Tulipofika kwenye sanamu ya chukudu, waliokuja kujipiga picha nayo wakageuza simu kwetu. Dada hajaniambia neno hadi sasa, ila nasikia anacheka jikoni.

Kikwembe nimefua mara mbili, bado chekundu. Mama, nitakununulia kingine.

Na wewe utakayepeleka watoto pale kesho: suruali ni ya bluu, iko ndani ya bomba upande wa kulia. Funguo za nyumba yangu ziko mfuko wa nyuma. Tuma mtoto mwembamba.