Nani Atangulie Kwenye Kamera ya Macho?

Siku ya kliniki ya kisukari hapa Dodoma mjini, nilikaa benchi moja na mzee aliyetoka Bahi. Kadi yake ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Muuguzi alimfuata: "Mzee wangu, leo tunakuwekea dawa ya macho, halafu unapigwa picha." Mzee akauliza jambo moja tu: "Nikishawekewa, nitarudije?"

Ana hoja. Dawa ya kutanua mboni humwacha mtu na ukungu kwa saa kadhaa, na jua la Dodoma la saa saba mchana si la kulikabili na mboni iliyo wazi. Alikuja peke yake. "Tena mimi naona, mwanangu. Namba ya basi naisoma." Akachukua vidonge vyake, akaaga.

Damu lakini alikuwa ameshatoa. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kilikuwa maabara tayari kwa ajili ya FBP, ile picha kamili ya damu ambayo hospitali hupima kila kukicha. Sasa wapo wanaosema karatasi ya majibu ya FBP inaweza kutudokeza kwamba retina ya mtu, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeanza kuharibika, hata kama hajakubali kuwekewa tone la dawa.

Hoja yao imesimama mahali. Kisukari huingia jichoni kupitia mishipa midogo kabisa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli zinazoshikilia kuta za mishipa hiyo hufa, kuta huota vijivimbe, damu na majimaji huanza kuvuja. Mapema katika safari hiyo chembe nyeupe hunata kwenye kuta na kuziba njia. Mwili unakuwa na mchochota, moto wa chini kwa chini usio na homa wala maumivu. Ndipo watafiti, wengi wao wa Uturuki na China, wakaanza kufanya hesabu rahisi: idadi ya neutrofili igawanywe kwa idadi ya limfosaiti, zote mbili zikiwa aina za chembe nyeupe, wapate uwiano. Wengine hutazama ukubwa wa chembe sahani, kwa kuwa zile kubwa huwa na pupa ya kugandisha damu. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye retina iliyoharibika wana uwiano mkubwa, kwa wastani, kuliko wenzao wa kisukari ambao macho yao ni mazima.

Ukiishi mkoa huu, utaona kwa nini hesabu hiyo inavutia. Takriban theluthi ya wenye kisukari duniani wana dalili za ugonjwa huu wa retina, na mwanzoni hauumi wala haupunguzi kuona, kwa hiyo namba ya basi haithibitishi chochote. Kamera ya retina, na mtu wa kuzisoma picha zake, ni adimu kuliko mashine ya kuhesabu chembe za damu. Mgonjwa wa Mpwapwa au Kondoa akitolewa damu huko huko aliko, hesabu ya kugawa namba mbili haimgharimu hata shilingi.

Tatizo langu liko kwenye hayo maneno "kwa wastani". Wastani wa kundi unaweza kupanda huku mtu mmoja mmoja akiwa amechanganyika kabisa na wenzake: mwenye retina mbovu ana uwiano mdogo, mwenye retina safi ana uwiano mkubwa kwa sababu ya jino bovu. Na kwetu kuna mambo mengi ya kuupandisha: malaria, kidonda cha mguu, sigara, dawa za steroidi, hata saa ya siku damu ilipotolewa. Neutrofili haikai kwenye damu hata siku nzima, ilhali retina huoza kwa miaka.

Kuna jambo zito zaidi, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana neutrofili chache kuliko Wazungu, na hawaumwi chochote. Sababu yake inajulikana. Ni badiliko la kijeni liitwalo Duffy-null, linaloondoa kwenye chembe nyekundu ule mlango ambao vimelea vya malaria aina ya vivax huingilia. Lilienea sana Afrika, na pamoja nalo ukaja upungufu huu wa neutrofili usio na madhara. Sasa chukua mpaka wa uwiano "mkubwa" uliowekwa kwa wagonjwa wa Ankara, Uturuki, uupeleke Bahi. Namba inayogawanywa kwenye ile hesabu, yaani neutrofili, ni ndogo tangu kuzaliwa, kwa hiyo jibu nalo litakuwa dogo, na mzee ataambiwa yuko salama. Afadhali asingepimwa, maana angalau angebaki na wasiwasi. Nyoka wa aina hii ameshatuuma: kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, nacho kinaweza kupotoka kwa mtu mwenye selimundu au upungufu wa damu.

Chembe sahani nazo zina hadithi yao. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye kile kichupa cha zambarau huzifanya zivimbe kadiri zinavyokaa. Damu iliyotolewa chumba cha pili ikasomwa ndani ya nusu saa, na damu iliyosafiri na bodaboda kutoka kijijini ikafika alasiri, haziwezi kulinganishwa. Muda wa njiani unageuka ugonjwa kwenye karatasi. Halafu baadhi ya mashine za bei nafuu hugawa chembe nyeupe makundi matatu tu, neutrofili zikihesabiwa pamoja na jamaa zake.

Na swali ambalo mtetezi yeyote wa uwiano huu anapaswa kulijibu kwanza: unaongeza nini juu ya yale yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi? Miaka ambayo mtu ameishi na kisukari, sukari yake inavyokwenda, presha, protini kwenye mkojo. Hayo yanabashiri retina vizuri, na hayahitaji mashine mpya. Mwenye retina mbovu mara nyingi ana figo zinazochoka pia, na figo zenyewe hupandisha mchochota. Ukipima watu siku moja tu, huwezi kujua kipi kilimtangulia mwenzake.

Upande wa kamera una ushahidi mgumu. Uingereza ilianza mpango wa kitaifa wa kupiga picha retina mwaka 2003, na ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika takriban nusu karne, ugonjwa huu haukuwa tena chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi England na Wales. Hapa nchini, Kilimanjaro walianza kupima kwa kamera mwaka 2010. Sisi wa katikati hatukuanza leo kushughulika na macho: Kongwa imetajwa duniani kwa tafiti za vikope (trakoma), na watu wamekuwa wakienda Mvumi kutibiwa macho kwa miaka mingi. Vikope vilitafutwa kwa kugeuza kope na kutazama. Lakini kamera nayo ina dhambi zake. Mtoto wa jicho huitia picha ukungu, na mboni ndogo za wazee hukataa hata zile kamera zisizotaka dawa.

Mimi ningeuruhusu uwiano wa damu kwa kazi moja: kumvuta mtu mbele. Ukiwa mkubwa, na mtu hana homa wala kidonda, aitwe kwenye kamera wiki hii badala ya mwezi ujao. Ukiwa mdogo, usimfute yeyote kwenye orodha. Na mpaka wa "mkubwa" uchorwe hapa hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa ni majirani. Damu na picha ya retina vinaweza kuchukuliwa asubuhi moja, saa ya kutoa damu na saa ya kuisoma zikaandikwa, kisha wenye retina safi wafuatwe miaka mitatu ionekane nani aliharibikiwa.

Hata hivyo namba isingemsaidia yule mzee siku ile, kwa sababu alichokosa ni mtu wa kumshika mkono hadi stendi. Muuguzi alilielewa hilo kabla yangu. Kabla mzee hajatoka mlangoni alimwita, akaichukua kadi, na chini ya tarehe ya kurudi akaandika kwa kalamu nyekundu: "Aje na kijana wake."