Methani ya Migodini: Wajibu Hauishii Mdomoni mwa Shimo

Katika mgodi wa makaa ya mawe ulio chini ya ardhi, feni kubwa za kuvuta hewa haziachwi zisimame, usiku wala mchana. Makaa yanapokatwa huachia methani iliyonaswa ndani yake kwa mamilioni ya miaka, na gesi hiyo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuulipua mgodi. Mwaka 2010, mlipuko wa methani katika mgodi wa Pike River nchini New Zealand uliwaua watu 29. Ndiyo maana kanuni za usalama zinamtaka mwenye mgodi aizimue gesi hiyo na kuitoa nje, na katika hilo sina ubishi. Uhai wa mchimbaji unatangulia. Ninachokikataa ni hesabu inayoishia mdomoni mwa shimo, kana kwamba gesi ikishapanda juu haina mwenyewe.

Katika kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi. Hewa inayotoka kwenye mashimo ya feni kwa kawaida huwa na methani isiyofika asilimia 1, na udogo wa kiwango hicho unawafariji watu bure. Tuchukue feni inayotoa mita za ujazo 200 za hewa kwa sekunde, yenye methani nusu asilimia: hiyo ni mita moja ya ujazo ya methani kila sekunde, yaani takriban tani 60 kwa siku, kutoka shimo moja tu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba nchi nyingi hazipimi. Huchukua tani za makaa yaliyochimbwa, zikazidisha kwa kiwango cha makadirio, basi hiyo ikawa taarifa rasmi. Ilhali vipimo vipo tayari: katika njia zinazorudisha hewa kutoka eneo la uchimbaji hufungwa vihisi vinavyosoma methani saa zote, kwa kuwa maisha ya watu yanavitegemea, na mtiririko wa hewa ya feni nao hupimwa. Kuzidisha namba hizo mbili na kuzitangaza hakuhitaji teknolojia mpya. Kama kipimo kinaaminika kiasi cha kuwaondoa wachimbaji chini ya ardhi, kwa nini kisiaminike katika taarifa za tabianchi?

Njia za kuitumia gesi hiyo nazo zinajulikana. Inayovutwa kwa mabomba yaliyochorongwa ndani ya tabaka la makaa huwa na methani nyingi ya kutosha kuendeshea mitambo ya umeme. Katika mgodi wa Sihe, mkoani Shanxi nchini China, inaendesha kituo cha megawati 120. Hata ile hafifu ya kwenye feni inaweza kupitishwa kwenye vyumba vya kauri yenye joto kali mpaka iungue, kama ilivyofanyika katika mgodi wa West Cliff nchini Australia kuanzia mwaka 2007. Ni ghali, ndiyo, na hakuna kampuni itakayoingia gharama hiyo kwa hiari pale ambapo kuiachia gesi ni bure.

Kwa hiyo sheria haina budi kubana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024, lakini kikomo cha gesi ya mashimo ya feni kuanzia 2027 ni tani 5 za methani kwa kila tani 1,000 za makaa, wakati pendekezo la awali lilikuwa nusu tani. Kulegeza mara kumi ni kulegeza kupita kiasi.

Tena mgodi ukifungwa gesi haikomi. Huendelea kupenya kwenye nyufa na mashimo ya zamani kwa miaka mingi, hasa pale ambapo maji hayajaujaza mgodi, na mara nyingi kampuni husika huwa imekwisha kuvunjwa. Fedha za kuzuia uvujaji huo zinapaswa kuwekwa dhamana kabla leseni ya kuchimba haijatolewa.