Haikuwa gauni

Naomba nianze na masahihisho. Haikuwa gauni. Ilikuwa kanga, doti moja, ya mama, na sababu ilikuwepo. Jamaa wa bodaboda aliyerusha ile sauti ya dakika nne kwenye grupu la vijana wa Nyandira hakutaja sababu. Kasema tu, "Mwamba wa Dar kakutwa bandani kavaa gauni anamwimbia mbuzi." Hapo kwenye kuimba sina utetezi.

Ni leo hii asubuhi, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Wanaotujua nyumbani wanamjua Madamu. Kwa wageni: Madamu ni mbuzi wa maziwa wa mama, mweupe, ana kidevu cha mzee wa baraza, na ukoo wake ni wale waliotoka Norwei wakaletwa huku Mgeta na watu wa Chuo cha Sokoine miaka ya 1980. Baridi ya Uluguru inampenda yeye kuliko inavyonipenda mimi niliyezaliwa humu humu. Anaishi ghorofani, banda la juu lenye sakafu ya fito, majani anakatiwa na kuletewa. Asubuhi anatoa lita moja na ushee, jioni pungufu kidogo. Mama anamwamkia kabla ya kutuamkia sisi.

Alhamisi mama akashuka Morogoro, dada kajifungua. Maelekezo alinipa akiwa ameshapanda pikipiki: "Mpe pumba kwanza. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Usivute chuchu! Bana juu, halafu funga vidole kimoja kimoja kushuka chini." Akaongeza na kitu kuhusu Jumamosi, lakini pikipiki ikaunguruma ikakimeza. Kikumbukeni hicho kitu.

Alhamisi jioni nilipata matone. Ijumaa asubuhi nilipata teke. Ijumaa jioni kiwele kimejaa, kigumu kama embe bichi, na Madamu ananiangalia kama karani wa dirishani anavyomwangalia mtu asiye na fomu. Sasa maziwa yakilala ndani kiwele kinavimba, na mbuzi yule akiugua mikononi mwangu, bora nibaki Dar moja kwa moja. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Madamu katoa ngapi?" (Mjukuu wa kwanza kazaliwa, swali la kwanza ni hilo.)

"Amebana, mama."

"Umevaa nini?"

"Koti."

"Hakujui na hilo koti. Mbuzi mwenye wasiwasi haachii maziwa hata ukeshe. Vaa kanga zangu za bandani, zina harufu yangu. Na uimbe."

"Niimbe?"

"Kama ninavyoimba mimi."

Mnaocheka, ngojeni kwanza. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Leo saa kumi na mbili na nusu, ukungu umefunika mpaka mlango wa jiko huuoni, nikajiambia nani ataniona. Kanga moja kiunoni juu ya bukta, nyingine kichwani nikaifunga chini ya ndevu. Nikamfunga Madamu kwenye jukwaa lake, nikamwekea pumba, nikaosha, nikapaka mafuta ya kukamulia, nikakaa kwenye kigoda na kuanza wimbo wa sadaka anaoupenda mama. Sauti nyembamba, ya puani, na ile mitetemo anayoiweka mama mwisho wa kila mstari. Kwa kweli niliitoa vizuri.

Madamu akageuka, akainusa kanga. Akashusha pumzi ndefu. Akaachia.

Jamani. Mtu ambaye hajawahi kubaniwa maziwa siku mbili hawezi kuielewa ile sauti. Cwii, cwii, kwenye sakafu ya ndoo tupu, halafu povu linapanda na sauti inakuwa nzito, shuu, shuu. Moshi unatoka kwenye ndoo kwa baridi ile. Nikanogewa. Nikamaliza ubeti wa kwanza kwa mtetemo mrefu, nikavuta pumzi niingie kwenye kiitikio.

Kiitikio kikaimbwa.

Si na mimi. Kiliimbwa nje, nyuma ya banda, na watu wengi, kwa sauti zote mpaka sauti ya nne.

Kile kitu cha Jumamosi kilichomezwa na pikipiki kilikuwa hiki: jumuiya inasali kwetu.

Mikono yote miwili iko kwenye chuchu. Nikinyamaza, Madamu anabana. Nikiimba, ninajitangaza. Wakamaliza kiitikio wao wenyewe, kimya kikapita, kisha mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa watu, akaita kwenye ukungu: "Mama, Tumsifu Yesu Kristo!"

Hapa ndipo mahali ambapo binadamu mwenye akili timamu angesema, mama hayupo, ni mimi. Kila kitu kingeishia hapo. Mimi nikajibu, kwa sauti ya mama, na mitetemo yake yote: "Milele aminaaa."

"Sauti imekauka, mama. Mafua?"

"Baridi tu, mzee wangu."

"Tulisikia uko Morogoro kwa mjukuu."

"Nimerudi usiku."

Uongo mara mbili, mbele ya watu wenye rozari mkononi. Na ungepita, nawaambia ungepita kabisa, kama ndani ya jumuiya asingekuwemo yule jamaa wa bodaboda. Akasema kwa mshangao wa kweli, "Kakurudisha nani, wakati Alhamisi nilikupeleka mimi stendi?"

Nikasikia viatu vyake vinazunguka banda kwenye tope. Taratibu. Hatua moja, nyingine. Nikafanya kitu pekee kilichonijia kichwani: nikampa mgongo, nikainama zaidi, nikaendelea kukamua. Wakaja wote nyuma yake. Bibi mmoja mwenye miwani akasogea, na kwa kuwa kilichokuwa kimewaelekea ni kiuno changu tu, akayasoma maandishi ya kanga kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma somo la kwanza:

"Japo... sipati... tamaa... sikati."

Madamu kuona halaiki ile akashtuka. Mguu wa nyuma ndani ya ndoo, wa mbele juu ya pindo la kanga yangu. Mimi nikainuka kwa kasi.

Sasa bodaboda anawaambia kanga ilidondoka. Haikudondoka. Ilishuka. Kushuka na kudondoka ni vitu viwili tofauti, na bukta nilikuwa nayo. Ina matobo, ndiyo, nani anavaa bukta nzima bandani?

Mengine yalikwenda haraka. Mwenyekiti akasema "pole kijana" bila kuniangalia. Sala ikasaliwa sebuleni kwetu, mimi nimekaa nyuma kabisa na suruali, na kwenye maombi kuna mama akawaombea "wote wanaosema uongo asubuhi asubuhi". Chai wakanywa ya rangi. Watoto wa jirani wameshautungia wimbo wangu maneno mapya.

Mama kapiga saa tatu. Ile sauti ya dakika nne ilishamfikia mpaka kitandani kwa dada. Nikajiandaa. Akaniuliza, "Maziwa yamebaki kiasi gani?"

"Kikombe, mama. Mengine kayamwaga."

"Ubeti wa pili uliufikisha?"

"Hapana."

"Ndiyo maana."

Sasa inakaribia saa kumi na moja jioni. Madamu ameanza kulia. Nimeifua kanga, iko kwenye kamba, na kwa ukungu huu wa Mgeta bado inachuruzika maji. Nimechungulia dirishani: watoto saba wameshakaa juu ya uzio, na bodaboda kaegesha pikipiki yake getini anajidai anasafisha plagi.