Ekari 1 inatosha kwa vyote vitatu
Nimesoma makala inayodai ati mwenye ekari 1 hana budi kuchagua: ama mazao, ama ng'ombe, ama miti, kwa kuwa vikiwekwa pamoja vitanyang'anyana ardhi. Hoja hiyo ya makala siikubali hata kidogo. Huku kwetu Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mibuni (miti ya kahawa) ya arabika imekaa chini ya migomba na miti ya miringaringa tangu enzi za wazee wetu, na kivuli hicho ndicho kinachoiokoa jua likikaza. Ng'ombe wangu yuko bandani, hachungwi. Anakula majani ya tembo, maganda ya matoke, na kaliandra, mti mdogo wa malisho niliopanda kwenye kingo za kontua (makinga maji yanayokata mteremko), mahali ambapo sikuwa navuna chochote. Kilo 3 za kaliandra mbichi hufanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na bei ya dukani kila mfugaji anaijua! Samadi nairundika kwanza, naifunika kwa majani ya migomba hadi ipoe na kuacha kunuka, ndipo naimwaga kuzunguka mbuni, mbali kidogo na shina. Mizizi ya kaliandra nayo inashika udongo usichukuliwe na mvua. Mlima ulioporomoka udongo na kutuulia watu Bududa mwaka 2010 hatuwezi kuuacha uchi. Mti wa kuogopa ni mkaratusi, maana ukiwa kando ya migomba unainyima maji. Wenzangu wa Kabale, huko kwenye matuta yenu mnapanda mti gani wa malisho usiosumbua maharage?