Tuleteeni bwana shamba kabla ya mvua

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo na kuingia Mbale mjini, mashariki mwa Uganda. Watu zaidi ya 20 walifariki. Dukani kwetu tulichota tope kwa sepetu siku tatu, jekundu, laini, zito. Shemeji yangu, mkulima wa huko juu milimani, alikuja kutusaidia. Akalifinyanga kidogo kiganjani, akanyamaza, kisha akasema, "Shemeji, huu ni udongo wa shamba." Tangu siku hiyo siwezi kuyaita yale mafuriko ya maji tu.

Mlima Elgon tunaujua. Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifukiwa na maporomoko ya udongo. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, Novemba 2024 Bulambuli. Kila mara wakubwa huja, mahema huletwa, watu huambiwa wahame. Walio juu ya nyufa ni lazima wahame, sibishi. Lakini wengi watabaki, maana hapo ndipo penye kahawa yao, migomba yao na makaburi ya wazee wao. Hao wanaobaki nani anawahudumia?

Shemeji amemwona bwana shamba wa gombolola yao, yaani kata yao, mara moja tu katika misimu minne. Simlaumu mtu huyo: eneo lake ni kubwa, na pikipiki haiendi bila mafuta. Nalaumu mpango unaomweka mbali na mteremko.

Kwa sababu kazi yenyewe ya kuzuia udongo usishuke si ya miujiza. Miti miwili unaifunga kama herufi A, unaweka kijiti katikati, unaning'iniza jiwe kwa kamba: umepata kipimo cha kutafuta mstari ulio sawa kwenye mteremko. Unachimba mfereji kufuata mstari huo na udongo unautupa upande wa juu. Ndiyo fanya juu, jina la Kiswahili ambalo hata vitabu vya kilimo vya Kizungu vimelichukua lilivyo. Juu ya tuta unapanda nepia, majani marefu ya kulishia mifugo. Mizizi inashika, ng'ombe anakula, na mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha lenyewe. Shemeji alifundishwa na jirani yake, mzee asiye na cheti chochote. Mvua iliyofuata, migomba yake ya chini haikufunikwa na tope.

Sheria tunazo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 30 za ukingo zisiguswe kwenye mito midogo, na mita 100 kwenye ile mikubwa iliyoorodheshwa. Tembea kando ya Namatala uone mahindi yalivyoshuka hadi majini. Mkulima mwenye robo eka hawezi kuacha mita 30 kwa kuonyeshwa karatasi. Aonyeshwe apande nini hapo kitakacholinda ukingo na bado kimpe chakula cha mifugo au kuni.

Marekani, baada ya dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, walianzisha wilaya za kuhifadhi udongo na maji. Leo ziko karibu 3,000, nazo husimamiwa na bodi za wenyeji. Mkulima huomba mwenyewe, mtaalamu huja kukagua shamba lake, wanapanga pamoja. Hilo la kuomba mwenyewe ndilo linalonivutia, kwani hapa kwetu wazee bado wanakumbuka matuta ya enzi ya mkoloni kama kazi ya kulazimishwa.

Sisi tuna parishi, ngazi ya utawala iliyo chini ya gombolola. Tangu 2022 serikali imepanga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, watu wakopeshane kwa kilimo na ufugaji. Ninachoomba ni kwamba kila parishi ya milimani iwe pia na mtu mmoja wa udongo na maji, mkulima mwenyeji, aliyechaguliwa na wakulima wenzake na kulipwa posho, mwenye kitalu cha nepia na miche ya miti. Yule mzee jirani ya shemeji angeweza kuianza kazi hiyo kesho. Mvua za Machi zikianza, itakuwa tumechelewa kuchimba.